Aleluya Kuu ni Moja, Rekodi ni Nyingi: Uanze na Ipi?

Haya, karibuni tena watazamaji wangu. Leo sina simu mpya wala spika. Nilichoshika hapa ni kasha la sidii, na sidii yenyewe ilishachubuka zamani, lakini kasha nimelitunza kwa hasira. Tazameni hapa mbele: fidla, ua la waridi, na maneno makubwa ya kusifia muziki bora wa klasiki wa nyakati zote. Sasa nageuza nyuma. Vipande 20. Bach, Vivaldi, Beethoven, Tchaikovsky, wote wamo. Anayepiga ni nani? Hawajaandika. Okestra ya wapi? Hakuna. Walirekodi mwaka gani? Hakuna. Yaani ni sawa na mtu akuuzie kanda ya taarab, juu imeandikwa "Taarab", basi. Mwimbaji utajijua mwenyewe.

Na mimi nilinunua! Nikasikiliza, nikasinzia, nikasema huu muziki wa wazee wa Ulaya haunihusu. Miaka imepita ndipo nikagundua kwamba kosa halikuwa la Bach.

Kwa hiyo leo sichambui nyimbo, nachambua rekodi. Beethoven alifariki 1827, na ile mashine ya Edison ya kunasa sauti ilikuja 1877. Bach na Handel, waliomtangulia, ndio usiseme kabisa. Hawa wote walituachia karatasi, kwa hiyo kila unachosikia ni cha mtu mwingine aliyeisoma karatasi ile kwa namna yake, siku fulani, kwenye ukumbi fulani. Ukiandika jina la wimbo peke yake kwenye simu utaletewa rekodi mia, na ya kwanza juu si lazima iwe nzuri.

Tuanze nyumbani. Mimi naimba kwaya, sauti ya nne, yaani besi, mle nyuma karibu na ukuta. Na kama umewahi kuimba kwaya hapa Tanzania unaijua Aleluya Kuu. Do, so, la, so. Imetoka kwenye kazi ya Handel iitwayo Messiah, aliyoiandika London mwaka 1741 kwa siku 24 tu, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 13, 1742. Kazi nzima inakwenda kama saa 2 na nusu, na Aleluya Kuu ndiyo inayofunga sehemu ya pili. Wengi wetu tumeimba dakika 4 za kitu cha saa 2 na nusu, halafu tunasema tunamjua Handel.

Nina rekodi 2 za kuwapambanisha. Ya kwanza ni ya mwongozaji Sir Thomas Beecham na okestra ya Royal Philharmonic, mwaka 1959. Jamani. Beecham alimpa Eugene Goossens kazi ya kupanga upya ala zote, na Goossens akamwaga kila kitu kilichokuwa stoo. Kwenye Aleluya, Handel mwenyewe aliweka familia ya fidla, tarumbeta 2 na ngoma. Humu utasikia matoazi! Pwaa! Kuna na kile kipembetatu cha chuma kinacholia tiiing. Ni harusi, ni sherehe ya uhuru, ni kila kitu kwa pamoja. Wasomi wa muziki huwa wanakunja uso wakiisikia. Mimi nacheka, halafu naongeza sauti. Na kijana Jon Vickers anaimba sehemu za sauti ya tatu (tenor) kama mtu anayesukuma lori lililokwama kwenye matope, na lori linatoka.

Ya pili ni ya mwongozaji Christopher Hogwood na kundi la Academy of Ancient Music, iliyotoka 1980. Hawa walikwenda kinyume kabisa. Walifuata namna ilivyoimbwa mwaka 1754 kwenye makao ya watoto waliotupwa, Foundling Hospital, London. Wapigaji ni wachache, ala ni za kizamani, na sauti ya kwanza ni watoto wa kiume wa kwaya ya Christ Church, Oxford. Hakuna anayepiga kelele. Mara yangu ya kwanza kuisikia nilidhani simu ina tatizo, mbona wepesi hivi? Baadaye nikaelewa. Mle ndani unasikia kila sauti inapoingia. Pale kwenye "atatawala milele na milele", sauti ya nne inapoanza peke yake na wengine wanafuata mmoja mmoja, kwenye rekodi kubwa kubwa pale pote ni ukungu. Kwa Hogwood unaweza kunyoosha kidole: huyu hapa, huyu hapa, huyu hapa. Na ukimsikiliza mwimbaji wao Emma Kirkby, ile sauti nyoofu isiyotetemeka, utaanza kuwatazama vibaya waimbaji wako wa sauti ya kwanza. Usiwaambie mimi ndiye niliyekutuma.

Ila walimu wa kwaya, nawaonya: usijaribu kupiga kinanda chako sambamba na rekodi hii. Wamekaza nyuzi zao kwa kipimo cha zamani, nusu sauti chini ya cha leo. Nilijaribu. Nilidhani kinanda kimeharibika, nikataka kumwita fundi.

Uamuzi wangu kwa Messiah: kama unataka kujifunza, Hogwood. Beecham ni ya Jumapili ya Pasaka mchana, ukiwa umeshiba pilau.

Haya, Vivaldi. Misimu Minne, konseto 4 za mwaka mzima, yaani fidla moja inaongoza na okestra inaisindikiza, zilichapishwa Amsterdam 1725. Sitakaa sana hapa, maana kipande cha kwanza umeshakisikia ukiwa umesubirishwa kwenye simu ya huduma kwa wateja, hadi umekichukia. Tafuta rekodi ya mpiga fidla Nigel Kennedy na English Chamber Orchestra ya 1989. Imeuza zaidi ya nakala milioni 2. Kennedy alikuwa anapanda jukwaani nywele zimesimama kama mtu aliyeshika waya wa umeme, na ni shabiki wa Aston Villa wa kufa na kupona. Anapiga kwa fujo, wakati mwingine fujo imezidi. Lakini ruka ile Machipuko, nenda moja kwa moja kwenye Kiangazi, mwishoni, pale dhoruba inaposhuka. Ninyi mliokulia Unguja mkisikiliza fidla za taarab mtaelewa haraka kuliko mimi: upinde ni ule ule, kazi aliyopewa ndiyo nyingine.

Sasa niweke kiti vizuri, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Bach, Goldberg Variations, Glenn Gould kwenye piano.

Bach aliichapisha 1741. Kuna wimbo mmoja mtulivu mwanzoni, unaoitwa Aria, kisha mageuzi 30, ndiyo hizo Variations, halafu Aria ile ile inarudi mwishoni. Jumla vipande 32. Watu wengi wakisikiliza wanautafuta ule wimbo wa mwanzo ndani ya mageuzi, hawauoni, wanachoka. Wamepotea njia, kwa sababu Bach hakuugeuza wimbo wa juu. Alichokishika ni besi. Sauti ya nne! Inashuka do, ti, la, so, na mwendo huo wa chini ndio unaobaki mara 30 wakati huko juu dunia inabadilika. Miaka yote wenzangu wa sauti ya kwanza wananiambia sisi wa besi tunasindikiza tu. Waje hapa tuongee.

Gould, kijana wa Toronto, aliirekodi Juni 1955 New York akiwa na miaka 22. Ile rekodi ni moto. Dakika 38 na ushei, amemaliza. Vidole vinakimbia, kila noti imesimama peke yake kama punje za mchele uliopikwa na mtu anayejua. Ni mono, sauti imebanana katikati, lakini sahau hilo. Ndiyo iliyomfanya maarufu duniani.

Halafu 1981, mtu huyu huyu akarudi studio ile ile, akairekodi upya. Safari hii kama dakika 51. Watu husema alikuwa amezeeka, amepunguza mwendo. Si kweli yote. Sehemu ya muda ulioongezeka ni kwa sababu 1955 hakurudia sehemu ambazo Bach aliandika zirudiwe, na 1981 baadhi alizirudia. Lakini Aria, kweli, ameinyoosha: mwanzo haikufika dakika 2, sasa inakwenda kama dakika 3. Na safari hii alipiga piano ya Yamaha. Ndiyo, Yamaha, hao hao wa kinanda cha kanisani kwenu.

Kitu kingine kitakachokushtua: anaguna. Unasikiliza piano, na nyuma yake kuna mtu anaimba "mmm-mmm" bila kufuata noti. Usirudishe hedifoni dukani, ni Gould mwenyewe. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha kukunja ambacho baba yake alikikata miguu, chini kabisa, pua karibu iguse funguo, na mdomo haunyamazi. Rafiki yangu mmoja alizima baada ya dakika 5, akasema hawezi kusikiliza mtu mwenye njaa. Mimi siku hizi nikisikia rekodi ya Bach isiyo na mguno naona kama chumba hakina mtu.

Nilianza na 1955, niliipenda, bado naipenda. Ila ninayoirudia ni 1981. Sababu ni mageuzi ya 25, yale ya huzuni. Katika rekodi zote mbili anayapiga taratibu, lakini mwaka 1955 nasikia kijana hodari anayeonyesha kwamba anaweza pia kuhuzunika, na 1981 haonyeshi chochote. Albamu hiyo ilitoka 1982, na Gould akafariki Oktoba 4 mwaka huo huo, akiwa na miaka 50.

Haya, nivute pumzi.

Beethoven, Simfonia ya Tano. Mi mi mi dooo. Re re re tiii. Hakuna asiyeijua. Lakini jambo ambalo wengi hawajalizingatia: haianzi na "mi". Inaanza na kimya. Beethoven ameandika pumziko dogo kabla ya noti ya kwanza, na hapo ndipo waongozaji wanapoumbuka. Mwongozaji, wengine humwita kondakta, si yule wa daladala, ingawa huyu naye ndiye anayeamua gari linaondoka saa ngapi. Akikosea lile pumziko, wapiga fidla 30 wanaingia kwa makundi.

Rekodi ya mwongozaji Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic, iliyofanyika 1974, sikia wanavyoingia. Kama kofi. Kipande cha kwanza kinaisha kwenye dakika 7 na sekunde kadhaa, hakuna pa kupumua, na bado hakuna kinachomwagika. Kleiber alirekodi vitu vichache mno maishani mwake, na hata baba yake, Erich Kleiber, alikuwa ameshairekodi simfonia hii hii kabla yake. Hebu fikiria unaingia studio kupiga wimbo ambao baba yako tayari anasifiwa kwa huo huo. Kasoro? Ndiyo, ninayo moja. Ni ya kukusimamisha mno, huwezi kuisikiliza ukipika. Nimeunguza kitunguu mara 2.

Ya mwisho, haraka haraka, kwa wanaopenda mapenzi na machozi: Tchaikovsky, Konseto ya Piano ya Kwanza, mpiga piano Van Cliburn, 1958. Mmarekani wa miaka 23 anakwenda Moscow katikati ya Vita Baridi, kwenye mashindano ya jina la Tchaikovsky, na Warusi wanampa ushindi. Aliporudi, New York walimwagia karatasi barabarani kama bingwa wa ngumi. Mei 30 akarekodi Carnegie Hall na mwongozaji Mrusi, Kirill Kondrashin, na ikawa albamu ya kwanza ya klasiki kupita nakala milioni moja. Wengi wakifika kwenye zile kodi (chords, noti kadhaa kwa mpigo mmoja) kubwa za mwanzo wanatwanga kama kisamvu. Cliburn anaziimba. Na mzifaidi, kwa sababu ule wimbo maarufu wa mwanzo haurudi tena hadi konseto inaisha. Nilisubiri nusu saa nzima.

Najua swali linalofuata, mmeniuliza mara nyingi: kipi kati ya hivi naweza kusikiliza kwenye daladala? Muziki huu unashuka hadi mnong'ono halafu unalipuka. Ukiongeza sauti uusikie mnong'ono, mlipuko utakutoboa sikio. Kleiber na Cliburn waache nyumbani, usiku, na hedifoni zinazofunika sikio zima. Spika ya simu haifai kabisa, besi yote inapotea, na mmeshaona besi ni nani kwangu. Kwenye daladala beba Gould wa 1955: piano tupu, sauti haipandi wala haishuki sana. Unapanda Mbezi foleni ikiwa imeshika, dakika 38, Aria inarudi. Mara nyingi hata Ubungo sijafika.