Estes Alpha III: roketi ya kuanzia, ila chunga parachuti
Mapezi ya seti hii ya Kimarekani ya kuunda roketi ndogo ya kurusha ni kipande kimoja cha plastiki, kwa hiyo hayakai upande. Hapo tu imeshazishinda seti nyingi za mbao. Ina urefu wa sentimita 31. Injini hununuliwa kando: anza na A8-3, yenye nguvu ndogo, kwani C6-7, yenye nguvu zaidi, huipandisha zaidi ya mita 300, na upepo ukiipata ndiyo imekwenda.

Udhaifu ni parachuti. Ikikunjwa mapema, hasa kwenye baridi, hugandamana isifunguke. Ipake poda ya mtoto, uikunje dakika chache kabla ya kurusha. Chini yake weka karatasi 3 au 4 za kukinga moto, usizishindilie; zikikosekana, parachuti itayeyuka kwa moto wa injini.

Kiwashio cha umeme kisipogusa baruti ya injini, roketi haiondoki. Chomoa ufunguo wa usalama kwenye kifaa cha kurushia, subiri sekunde 60, ndipo uisogelee.