Tiger Balm nyekundu kwa kiuno kinachokaza: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani, na anayekaa kwenye cherehani ya kukanyaga kutwa nzima anajua kiuno kinavyoumia. Changu kinanisumbua muda mrefu: asubuhi nainuka kwa kushika ukuta, jioni nikisimama ghafla kinakaza mpaka natulia kwanza. Dawa za kuchua nimezipitia nyingi, hadi zile za stendi zinazonadiwa kwa kipaza sauti, chupa moja inatibu mgongo, bawasiri na nguvu za kiume. Siku hizi, dawa isiyoandikwa ndani yake mna nini siigusi.

Tiger Balm angalau inajieleza. Kikopo cha kioo chenye pembe sita, picha ya chui milia akiruka. Asili yake ni Rangoon, Burma, kwa mganga wa Kichina aitwaye Aw Chu Kin. Wanawe wakaihamishia Singapore miaka ya 1920. Nyekundu ina kafuri, mentholi, mafuta ya kajuputi (mti ndugu wa mkaratusi), mdalasini na mafuta ya karafuu. Mimi mtu wa Pemba, kwa hiyo harufu hiyo hainikeri hata kidogo. Mke wangu ana maoni tofauti.

Nachota kidogo kwa ncha ya kidole, mtoto wangu ananichua mpaka ngozi ikauke. Kwanza unahisi ubaridi, halafu joto linapanda taratibu. Joto lenyewe ni la ngozini: mentholi na mdalasini vinaamsha neva za baridi na moto, maumivu ya ndani yanasikika kidogo. Kama mfupa au neva imebanwa, mafuta haya hayaifikii. Mfamasia wa mtaani kwetu alinieleza wazi: "Kaka, hiyo inapoza tu. Ikishapoza inuka utembee, usiende kulala."

Na hapo ndipo nilipoona faida. Nikipaka na kukaa, kiuno kinarudi kulekule. Nikipaka, nikazunguka mtaa na kujinyoosha kidogo, napata usiku wa maana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno nao unapendekeza mazoezi.

Angalizo: usipake penye jeraha, nawa mikono kabla ya kugusa macho (au sehemu nyingine, mtanielewa), na usioge maji ya moto ukishapaka, utaruka. Watoto wadogo wasikifikie kikopo, kafuri ikimezwa ni sumu. Mgongo ukiambatana na homa, ganzi mapajani au mkojo usiozuilika, achana na mafuta, wahi hospitali.

Kwangu inapata nne kwa tano. Hiki kikiisha nachukua nyeupe, maana fulana zangu zote zimepata madoa ya rangi ya kutu hata jiki haiyatoi.