Mtego wa kukunja wa kaa, nimeutumia misimu mitatu

Mi ni mtu wa baiolojia ya bahari, na miaka yote hii nahangaika na kaa wavamizi, yaani wageni wanaojazana pasipo kwao, hasa yule wa kijani wa Ulaya, Carcinus maenas (kijani jina tu, wengine wekundu kabisa, we hesabu miiba mitano ya gamba kila upande kuanzia jichoni). Watu wanadhani kazi yetu ni kuzamia na kupiga picha kumbe ni kubeba mitego kwenye tope la magotini, kwa hiyo mtego ukiwa mbovu na siku yako mbovu.

Huu unakunjika bapa, nabeba 6 kwa safari moja. Unatia samaki kwenye kikopo chenye matundu, unautega maji yakikupwa, unaulaza humo usiku, kesho yake unavuta. Kaa anasukuma mpasuko wa wavu anaingia kiulaini, kutoka ndo hawezi.

Shida sasa. Ndoano ya kufungia ilishika kutu haraka sana, nikaing'oa nikafunga kamba. Halafu hawaweki sehemu ya kuozea, yaani mtego ukikatika kamba ukapotea unaendelea kuua viumbe huko chini, ikabidi nikate tundu pembeni nilishone na uzi wa pamba, ukioza panafunguka wenyewe.

Lakini kilichoniuma zaidi ni matundu ya wavu. Msimu wa kwanza nilikuwa napata wakubwa watupu, nikaandika kwenye ripoti kwamba hapa wamekuja wazee tu hawajazaa, nikajiona mjanja. Siku moja maji yamekauka sana nikageuza jiwe, aisee, vitoto kama ukucha wa kidole kidogo vinakimbia kila upande! Vilikuwa vinapenya kwenye wavu, na vikizubaa humo ndani wakubwa wanavila. Jike mmoja anaweza kubeba mayai hadi 185,000 kwa mkupuo, sasa ukikosa kuona vitoto umekosa habari yenyewe, ripoti nikairudia na aibu juu. Siku hizi kila nikitega huu nauwekea pembeni kamtego kadogo ka dagaa kenye wavu wa matundu madogo, na mawe nageuza vilevile.

Kwa kukamata wakubwa sijaona unaoushinda. Nyota nne, na glavu tafuta mwenyewe, gumba langu bado lina alama.