Kisanduku cha vidonge cha wiki: kinamfaa aliyepandikizwa figo?

Visanduku vya plastiki vya kupangia dawa vinavyouzwa madukani hapa Malindi ni vya sampuli mbili: chembamba chenye vyumba 7, na kipana chenye vyumba 14, asubuhi na jioni. Aliyepandikizwa figo aachane na kile chembamba. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, ile ya kawaida kama Prograf, humezwa mara mbili kwa siku kwa kupishana saa 12, na chumba kimoja kwa siku hakikuonyeshi kwa haraka kama dozi ya jioni imeshamezwa. Ukirudia dozi, dawa hupanda kwenye damu na kuumiza figo ileile unayoilinda. Ukiiruka, kinga ya mwili hupata mwanya wa kuikataa figo hiyo.

Kile kipana tunakikubali, ila usibandue kapsuli ukazimwaga humo. Kapsuli za takrolimasi humezwa mara tu zitokapo kwenye karatasi yake yenye vijumba, kwa kuwa unyevu huziharibu, na hewa ya pwani haizuiliki kwa kifuniko kinacholegea. Siklosporini, dawa nyingine ya kuzuia figo isikataliwe, nayo hivyohivyo. Kata karatasi kwa mkasi, kila kapsuli ibaki ndani ya kijumba chake, acha ukingo pande zote usije ukatoboa, ndipo uweke. Chumba kisichopokea vipande viwili vitatu vya namna hiyo pamoja na prednisoloni, kidonge kingine cha kutuliza kinga ya mwili, usikinunue hata kikiwa cha bei poa. Pembe za vipande hivyo ni kali, na mzee asiyeona vizuri anaweza kumeza kapsuli na karatasi yake. Kwa mgonjwa wa hivyo takrolimasi ibaki kwenye boksi, apewe mkononi na mtu wa nyumbani.

Boksi lenyewe usilitupe. Prograf na Advagraf zote ni takrolimasi, lakini Advagraf ni ya mara moja kwa siku. Duka likikupa moja badala ya nyingine, usipange chochote kabla ya kuongea na kliniki. Kliniki ikibadilisha dozi, toa vyote na upange upya wiki nzima. Kuchomoa kimoja kimoja ndiko kunakoleta fujo.

Herufi za siku ni za Kiingereza, T mbili na S mbili. Ziandike upya kwa kalamu ya wino usiofutika. Kabla ya kulipa, kipindue na ukitikise: kifuniko kikifunguka dukani, mkobani kitafunguka zaidi. Pia hakizuii mtoto, basi kiwekwe juu, pakavu, mbali na jiko na dirisha la jua.

Kisanduku hiki kina mtego siku ya kupima kiwango cha dawa. Damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, na mkono uliozoea hufungua chumba bila kufikiri. Tia kikaratasi ndani: "damu kwanza". Wala hakitakukinga na balungi au danzi, ambavyo huongeza dawa mwilini, wala na diklofenaki ya maumivu ya mgongo, inayoumiza figo.

Ramadhani, toka daku hadi futari ni zaidi ya saa 13, kwa hiyo ratiba iulizwe kliniki mapema. Kwa safari ya Mombasa, chenye vyumba vinavyochomoka ndicho bora. Kikae mkobani pamoja na dozi za akiba, si kwenye buti la basi.