Tathmini ya less: programu ndogo inayoamua nini kibaki kwenye skrini

Mtu yeyote anayetunza seva nchini Uganda, awe ameketi ofisini Kampala au anaingia kwa mbali kutoka Arua kwa bando la simu, huitumia less, programu ya kusomea maandishi marefu ukurasa kwa ukurasa kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), karibu kila siku, hata kama hajawahi kuliandika jina lake. Ndiyo inayofunguka anapoandika man ili asome mwongozo wa amri, ndiyo inayompokea baada ya git log, orodha ya mabadiliko ya msimbo, na ndiyo inayomwonyesha journalctl, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo, inapokuwa na mengi ya kusema. Kwa kuwa ni ya bure na imo tayari katika mifumo mingi ya Linux, tathmini yake haiwezi kuhusu bei. Swali la kuuliza ni iwapo inaiheshimu skrini ya anayeitumia: inaonyesha nini, inaficha nini, na inaacha nini nyuma inapofungwa. Hukumu yangu ni kwamba less ni chombo bora kilichofungashwa na mipangilio ya awali isiyomfaa mtumiaji wa leo, na anayetaka kuifaidi hana budi kukaa chini na kuamua mambo machache mwenyewe.

Historia yake ni fupi. Programu ya more, iliyoandikwa na Daniel Halbert katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1978, ilimwezesha msomaji kusoma ukurasa kwa ukurasa lakini ilimsukuma mbele tu. Mark Nudelman alianza kuandika less mwaka 1983 ili aweze pia kurudi nyuma, na mpaka sasa bado ndiye anayeitunza. Umri huo ndio unaoeleza ubora wake na pia ukaidi wake, kwa sababu tabia nyingi zilizoonekana za busara kwenye terminali za enzi zile zimebaki kuwa tabia zake za kuzaliwa.

Sifa ambayo watu wa kwetu wangepaswa kuijali kwanza ni ulafi wake mdogo wa data. Ukiwa umeingia kwenye seva kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, na ukatoa amri ya cat, inayomwaga faili lote kwenye skrini, kwa faili la kumbukumbu lenye megabaiti 40, herufi zote hizo zitasafiri kwenye mtandao hadi kwako, hata zile zinazopita mbele ya macho kwa kasi isiyosomeka. Ukilifungua faili lilelile kwa less, kinachosafiri ni ukurasa mmoja tu unaouona, na kwenye dirisha la kawaida la safu 80 na mistari 24 ukurasa huo hauzidi herufi 1,920, mbali na alama chache za kuongoza skrini. Katika nchi ambayo tangu Julai 2021 bando la intaneti linatozwa ushuru wa asilimia 12, tofauti hiyo si ya kupuuzwa na anayejilipia data mwenyewe. Aidha, less hailisomi faili lote kabla ya kulifungua, kwa hiyo hata faili kubwa mno huonekana papo hapo. Inapochelewa ni pale unaporuka hadi mwisho kwa G, ambapo huanza kuhesabu mistari. Ukibonyeza Ctrl-C inaiacha hesabu hiyo, na chaguo la -n huizuia kabisa.

Sasa nifikie kiini cha malalamiko. Terminali za kisasa zina skrini mbili: ile ya kawaida, ambamo amri zako na majibu yake hupangika na kusogea juu, na skrini mbadala, ambayo haina historia. Inapoanza, less huiomba terminali ihamie kwenye skrini mbadala, na unapobonyeza q huiomba irudi. Matokeo yake ni kwamba kila ulichokuwa ukikisoma hutoweka. Chukua mfano wa mtu anayesoma ukurasa wa man wa rsync, programu ya kunakili faili, ili apate chaguo moja refu ambalo hawezi kulikariri. Ameliona, amebonyeza q ili aandike amri yake, na maelezo yote yameondoka pamoja na chaguo lenyewe. Skrini imerudi kuwa kama ilivyokuwa kabla hajaanza. Basi anafungua tena, anatafuta tena, na safari hii anakopi kwa kipanya kabla ya kutoka. Dawa ni chaguo la -X, linaloizuia less kutuma maombi hayo ya kuhama na kurudi, hivyo maandishi ya mwisho yanabaki juu ya mahali unapoandika amri inayofuata.

Hata hivyo, -X ina gharama, na ni haki mtu aijue kabla ya kuikumbatia. Terminali nyingi hugeuza gurudumu la kipanya kuwa vishale vya juu na chini pale tu zinapokuwa kwenye skrini mbadala. Ukiweka -X, gurudumu halisogezi tena maandishi ndani ya less, bali linasogeza historia ya terminali yenyewe, na mtumiaji hubaki akishangaa kwa nini anaona amri za asubuhi katikati ya faili. Matoleo ya kuanzia 551 yana chaguo la --mouse linalotibu hilo, lakini nalo linaleta lake: kipanya kikishakuwa mali ya less, kuchagua maandishi ili uyakopi hudai ushikilie Shift katika terminali nyingi. Mimi nimechagua kuvumilia -X bila --mouse, kwa kuwa kazi yangu ni ya kibodi zaidi. Anayeishi na kipanya mkononi atapendelea kinyume chake, wala sitabishana naye.

Mwenzi wa -X ni -F, linaloiamuru less ijifunge yenyewe iwapo maandishi yote yanatosha ukurasa mmoja. Kwa miaka mingi chaguo hili lilikuwa mtego, kwa sababu bila -X maandishi mafupi yalionyeshwa kwenye skrini mbadala, programu ikajifunga, na mtumiaji hakuona chochote. Toleo la 530 la mwaka 2017 lilirekebisha jambo hilo: siku hizi less husubiri ijue kama maandishi yanazidi ukurasa kabla ya kuhama. Kwa hiyo ushauri mwingi wa zamani unaosema kwamba -F haifai bila -X umepitwa na wakati, ingawa bado unakaririwa. Andika less --version kwenye kila seva unayoitunza kabla ya kuufuata, kwani seva iliyosimikwa zamani na kuachwa bila kuhuishwa bado itakutendea kwa desturi ya kale.

Jambo linalowachanganya zaidi wanaoanza ni kwamba less moja ina tabia tatu kwenye kompyuta moja. Git, ikikuta hujaweka chochote kwenye kigeu cha mazingira (thamani ambayo programu huisoma inapoanza) kinachoitwa LESS, huweka FRX, yaani -F, -R na -X, kwa niaba yako. Familia ya systemd, programu zinazosimamia huduma za Linux, ikiwamo journalctl, huweka FRSXMK, na haijali kabisa ulichoandika kwenye LESS. Inasikiliza SYSTEMD_LESS pekee. Ukurasa wa man nao, kwa upande wa skrini, huchukua tabia ya kuzaliwa ya less pamoja na chochote ulichoweka wewe. Ndiyo maana maandishi hubaki baada ya git log, lakini hutoweka baada ya man, na mtu asiyejua sababu huhisi kwamba terminali yake imeharibika. Sioni kwamba kosa ni la less peke yake. Hao waliojiamulia mipangilio yao walifanya hivyo kwa sababu ile ya awali haikuwaridhisha, na huo wenyewe ni ushahidi dhidi yake.

Tahadhari moja hapa. Ukiweka LESS mwenyewe, Git huacha kukuwekea FRX, na ukisahau kutia R, git log itakuletea takataka za namna ya ESC[33m kabla ya kila namba ya badiliko, mahali palipopaswa kuwa na rangi ya njano. Herufi R huiruhusu less kupitisha alama za rangi jinsi zilivyo. Ipo pia r ndogo, ambayo hupitisha alama zote za kuongoza skrini bila kubagua. Hiyo usiitumie: less hupoteza hesabu ya mahali ilipo kwenye skrini, mistari inapandana, na faili lililopachikwa alama za hila linaweza kuichezea terminali yako. Ikumbukwe vilevile kwamba programu nyingi huacha kupaka rangi zinapogundua kuwa matokeo yake hayaendi moja kwa moja kwenye terminali, hivyo grep, amri ya kutafuta maneno, inayopelekwa kwa less inahitaji --color=always kabla rangi hazijaonekana.

Chaguo ninalolipigia debe kuliko yote ni -S. Wahasibu na watunza data wa vyama vya akiba na mikopo wanaotumia psql, programu ya kuulizia hifadhidata ya PostgreSQL, wanalijua tatizo: jedwali la wanachama lina safu nyingi kuliko upana wa skrini, kila mstari unakunjwa mara tatu au nne, na salio la mtu mmoja linaonekana chini ya jina la mwingine. Ukiandika export PSQL_PAGER='less -S' kabla ya kuingia, kila mwanachama hukaa kwenye mstari wake, na kishale cha kulia hukusogeza kuelekea safu zilizofichika. Matoleo mapya yameongeza --header, linaloibakiza mistari ya vichwa vya jedwali juu unaposhuka, na kwa kazi ya namna hii hilo pekee linatosha kumfanya mtu ahuishe programu. Si lazima kutoka na kuingia tena ili kubadili: ukiwa ndani ya less, andika -S kisha Enter, na mistari itakatwa au kukunjwa papo hapo.

Katika lugha zetu kuna jaribio moja la haki, nalo ni herufi ŋ, inayotumika katika Kiganda na Kiacholi. Kwenye seva iliyopangwa vizuri kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, jina lenye herufi hiyo huonekana sawasawa. Kwenye seva ambayo lugha ya mfumo imeachwa kuwa C, less huonyesha <C5><8B> kwa rangi zilizopinduliwa mahali pa herufi moja. Kwa tabia yake hiyo less inastahili sifa, kwani inakwambia wazi kwamba kuna baiti isizozielewa badala ya kuchora alama ya kubahatisha. Kuweka LESSCHARSET=utf-8 huondoa tatizo kwenye less, ingawa dawa ya kweli ni kurekebisha mipangilio ya lugha ya seva nzima.

Kwa kufuatilia faili linaloendelea kuandikwa, less +F inaishinda tail -f, amri iliyozoeleka kwa kazi hiyo, kwa sababu moja kubwa: unapoona kosa likipita, Ctrl-C huisimamisha bila kuifunga, unarudi nyuma na kutafuta kwa mkwaju (/), kisha unabonyeza F kubwa na ufuatiliaji unaendelea. Alama ya & ikifuatwa na neno huficha kila mstari usio na neno hilo. Lakini ile K iliyomo katika mipangilio ya systemd huifanya Ctrl-C iifunge less moja kwa moja, kwa hiyo aliyezoea +F kwenye faili za kawaida atashtukia ametupwa nje anapofanya hivyo ndani ya journalctl. Atakayetaka mazoea yake yabaki na aweke SYSTEMD_LESS=FRSXM. Na skrini ikiganda ghafla bila kujibu chochote nje ya less, kabla hujalaumu mtandao bonyeza Ctrl-Q. Pengine kidole kiligusa Ctrl-S, kitufe cha tangu enzi za kale cha kusimamisha matokeo. Amri ya stty -ixon hukizima.

Wanaofanya kazi kwa simu kupitia Termux, programu ya terminali kwenye Android, watafurahi kujua kwamba kitufe cha kupunguza sauti hutumika kama Ctrl, na kwamba less huupanga upya ukurasa mara tu simu inapogeuzwa kulala. Kwa upana mdogo wa simu, -S si anasa tena. Wanaowapa watu wengine nafasi ya kusoma faili kwenye seva nao waweke LESSSECURE=1, kwani bila hiyo alama ya ! ndani ya less humfungulia msomaji mlango wa kutoa amri nyingine. Maneno unayoyatafuta huhifadhiwa kwenye faili la historia; asiyependa, kwa mfano anayetafuta majina ya wateja kwenye kompyuta ya pamoja, aweke LESSHISTFILE=- na historia haitaandikwa.

Kuhusu washindani sina mengi. Programu ya most hugawa skrini vipande na baadhi ya watu huipenda kwa hilo. Ile ya bat hupaka rangi msimbo vizuri sana, ila kwa kawaida huiita less ifanye kazi ya kurasa, kwa hiyo kila nililolisema linaihusu pia. Kwa majedwali ya psql pekee, pspg, programu nyingine ya kurasa iliyoandikwa na Pavel Stehule, ina raha zaidi kuliko less -S, nami ningemshauri mtunza data wa kila siku aisimike. Kwenye vifaa vidogo, kama ruta, utakuta less ya BusyBox (kifurushi cha amri nyepesi), ambayo ina jina lilelile lakini machaguo machache; huko usitegemee kwamba mstari kama export LESS='-F -R -X -S -i', unaokusanya machaguo haya pamoja na -i la kutojali herufi kubwa na ndogo katika utafutaji, na ambao huenda umeuweka kwenye .bashrc (faili la mipangilio ya terminali) ya seva zako, utakubaliwa wote.