Ali wa 1966 na Tyson wa 1988: nani angemlaza mwenzake?

Ubishi huu wa mabondia Muhammad Ali na Mike Tyson hauishi, na kosa la kwanza ni kutotaja mwaka. Tuwachukue wakiwa moto: Ali aliyemmaliza Cleveland Williams raundi ya 3, na Tyson aliyemzima Michael Spinks kwa sekunde 91.

Ali ana urefu wa sentimita 191, Tyson 178. Ili amfikie, Tyson lazima apenye chini ya ngumi ya mbele (jab) ya Ali, kichwa kikiyumba kushoto na kulia, apige mbavu kwanza, kidevu baadaye. Hapo Ali yuko hatarini kweli: alikwepa kwa kuvuta kichwa nyuma, mikono ikiwa chini, na makonde ya kushoto ya Henry Cooper (1963) na Joe Frazier (1971) yalimwangusha.

Pumzi ni ya Ali, bila shaka. Bondia Buster Douglas alionyesha njia ya kumshinda Tyson, Tokyo mwaka 1990: ngumi ya mbele mfululizo, kumkumbatia Tyson akisogea, hadi akamwangusha raundi ya 10.

Kwa raundi 15 za enzi ya Ali, nampa Ali. Ukiuliza raundi 4 za mwanzo tu, tena kwenye ulingo mdogo, namchukua Tyson.