Nimetafuta "lipa", nikaletewa "nilipata": Org ndani ya Emacs

Wadau, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala spika ya kufungua boksi. Nina faili moja la maandishi matupu, na humo ndani imo nyumba yangu yote ya Kibaha: msingi, tofali, nondo, mafundi watatu waliokuja wakaondoka, na madeni. Programu ninayolifungulia inaitwa Org, na nataka kuijaribu kwa swali moja tu. Nikishaandika kitu, siku nikikihitaji nitakipata?

Kwa wanaoisikia leo: ilianzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa falaki wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na tangu mwaka 2007 inakuja ndani ya Emacs yenyewe, ile programu ya kuandikia na kuhariri maandishi kwenye kompyuta. Bei yake bure. Tuendelee.

Tazama skrini. Kichwa kinaanza na kinyota, kichwa kidogo chini yake kina vinyota viwili, basi. Sasa Jumamosi fundi wa lenta kanipigia: "Bosi, ile hela ya lenta bado." Najua nimemlipa, ila siku gani, hapo ndipo nimekwama. Nabonyeza Ctrl na C, halafu slashi, halafu r, naandika "lenta", Enter. Umeona? Faili lote limejikunja. Imebaki mistari yenye lenta tu, neno limepakwa rangi, na kila mstari umebaki na vichwa vilivyo juu yake. Hapo ndipo Org iliponiteka. Sioni "amelipwa 180000" inaelea peke yake. Naona iko chini ya "Lenta", iliyo chini ya "Kuta", na tarehe yake pembeni. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia. Akajibu, "Aah, sawa bosi, nimechanganya na saiti nyingine."

Sasa njoo kwenye Kiswahili chetu, maana hili sijaona mtu akilizungumzia. Programu niliyokuwa natumia kabla, jina tuliache, ilikuwa inatafuta neno kuanzia herufi ya kwanza. Ukiandika "lipwa" haikuonyeshi "amelipwa" wala "hajalipwa", kwa sababu yanaanzia kwingine. Na sisi maneno yetu ndivyo yalivyo, mzizi umekaa katikati, mbele kuna msafara wa viambishi. Org haijali neno linaanzia wapi. Herufi zikiwemo popote, inakuletea.

Raha, eti? Subiri. Naandika "lipa". Tazama kinachokuja: "nimemlipa", sawa. "Nitamlipa Ijumaa", sawa. "Nilipata tofali za bei nafuu Mlandizi." He! "Alipanda bei ya mchanga." Ni-lipa-ta, a-lipa-nda, herufi zimo, ikaleta. Nikatafuta "kuta" nipate ukuta na kuta kwa pamoja, nikaletewa "kutafuta", "kutandaza" na "nilimkuta hayupo". "Maji" ikaniletea majirani, majibu na majina ya mafundi.

Dawa zipo. Kwa maji naandika \bmaji\b, ile b kila upande inamaanisha neno liishie hapo. Kwa mlango na milango naandika mi?lango, alama ya kuuliza inasema hiyo i iwepo au isiwepo, zote sawa. Na kwa malipo nimeacha kabisa "lipa", natafuta "lipw". Amelipwa, hajalipwa, atalipwa, zote zinakuja, na "nilipata" inabaki nyumbani. Siku hizi hata kuandika naandika kwa kutendwa makusudi, "fundi amelipwa", ili baadaye nimpate.

Lebo ndizo zinazookoa muda zaidi. Mwisho wa kichwa unaweka neno kati ya nukta pacha, kama hivi, :nyumba:, na vichwa vyote vya chini vinairithi bila kuandika tena. Halafu Ctrl C, slashi, m, naandika +nyumba-imelipwa. Yaani nionyeshe vya nyumba, toa vilivyokwisha kulipwa. Hiyo ndiyo orodha yangu ya madeni. Angalizo: lebo haikubali kistari cha kati. Niliandika :hati-miliki: nikashangaa haitambuliki. Tumia kistari cha chini, hati_miliki.

Unaweza pia kuweka sifa ya Gharama chini ya kichwa, ukachuja +nyumba+Gharama>100000, yaani vya nyumba vilivyozidi laki moja. Hapa nilipoteza jioni nzima. Nilikuwa naandika 1,200,000 kwa mkato, kama risiti. Org inasoma namba hadi inapokutana na mkato wa kwanza, kwa hiyo bati zangu za milioni moja na laki mbili ikaziona ni shilingi moja. Andika 1200000, bila mkato.

Mpaka hapo ni faili moja. Ukitaka kutafuta kwenye mafaili yote, Alt na X, unaandika org-agenda, kisha s. Wageni wengi hapa hupata ukurasa mtupu wakadhani imeharibika. Haijaharibika, inatafuta kwenye mafaili uliyoyasajili tu. Fungua faili, bonyeza Ctrl C na mabano ya mraba ya kufungulia, limesajiliwa. Humo naandika +saruji -mkopo na napata saruji zote nilizolipia taslimu.

Lawama? Vitufe. Wiki ya kwanza vidole vinauma, na kila amri ina herufi yake ambayo hakuna aliyekwambia. Na zile rangi za matokeo zinafutika mara tu unapoanza kuandika, jambo linalonikera kila siku, ingawa kuna mpangilio wa kulizuia. Kwenye simu ya Android natumia Orgzly Revived, inasoma mafaili hayohayo. Pale naandika t.nyumba na lebo inakuja.

Na kwa sababu ni maandishi matupu, mke wangu hulifungua faili hilohilo kwa Notepad ya kompyuta yake, anatafuta anavyojua yeye. Juzi kaona mstari wa bei ya vigae. Hilo tutaliongea nje ya kamera.